Kopo Nyuma ya Siagi

Babelsberg, 2 Machi 1993

Bi. Thalheim,

Sidhani kama unanikumbuka vizuri. Mimi ni Roswitha Wolbring, mke wa mwalimu wako wa kamera. Anwani yako nimepewa na karani wa chuo, ambaye alinionya kwamba huenda umeshahama. Nimekaa dirishani posta miaka thelathini na moja na nimeona barua zikimfuata mtu nyumba tatu, kwa hiyo naandika.

Eckart alifariki tarehe 11 Januari, kwa moyo. Alikuwa anavaa viatu aende kununua mikate ya asubuhi. Nilikuwa jikoni, nikasikia kiatu kimoja kikidondoka, nikangoja cha pili, sikukisikia.

Walikuja wanafunzi wake kumi na wanne kumzika. Walijipanga kando ya kaburi kama alivyowazoesha, warefu nyuma na wafupi mbele, ili kila uso upate mwanga. Nilitaka kucheka, nikaona aibu.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye friji yetu, nyuma ya siagi, kuna kopo la filamu ambayo haijasafishwa. Limekaa hapo tangu Mei 1974. Humo yumo binti yetu Friederike, tuliyemwita Rieke. Alifariki Julai ya mwaka huohuo, akiwa na miaka saba. Sasa nimekuta mstari huu kwenye daftari la mume wangu: "Kopo la friji lisisafishwe bila Thalheim." Hakuandika sababu.

Filamu yenyewe ni ya kwetu huku mashariki, na dawa ya kuisafishia siku hizi inachanganywa na maabara moja tu, Berlin. Nayo inafungwa tarehe 30 Aprili. Wewe unajua mambo haya, mimi sijui hata kopo linabebwaje. Nakuomba unisaidie.

Roswitha Wolbring


Hamburg, 14 Machi 1993

Mpendwa Bi. Wolbring,

Barua yako ilipita kwanza kwenye nyumba yangu ya zamani, ndiyo maana nimechelewa. Pole sana. Habari za msiba nilizisoma gazetini, mistari minne, na jina lake walikosea herufi moja. Nilitaka kuja. Tulikuwa tunapiga picha bandarini wiki ile na sikupata wa kunishikia kamera.

Siku ya kwanza darasani hakutugusisha kamera. Aliweka bakuli la plamu dirishani, akatupa kila mtu kiti na karatasi, akasema tuandike mwanga unavyotembea juu ya plamu mpaka saa sita. Mwenzetu mmoja alikula plamu zenyewe. Mwalimu hakumgombeza, alimwambia aandike basi mwanga unavyotembea juu ya kokwa. Alipoona taa nilizomwekea mwigizaji mara ya kwanza alisema, "Thalheim, huyu dada anangoja mpenzi wake au anangoja kung'olewa jino?" Mpaka leo nikiwasha taa ninamsikia.

Kuhusu kopo, niseme ukweli wa kazi yetu. Filamu ya rangi ikikaa miaka kumi na tisa bila kusafishwa, mara nyingi haitoi kitu ila ukungu. Utasafiri hadi Berlin, utangoja, halafu utaonyeshwa rangi ya kahawia. Picha za kawaida za Rieke nadhani unazo. Mimi ningeliacha kopo lilivyo.

Nakutakia nguvu,
Gundula Thalheim


Babelsberg, 18 Machi 1993

Bi. Thalheim,

Asante kwa plamu. Hiyo sikuijua. Nilikuwa nikishangaa kwa nini kila Septemba ananunua plamu nyingi na hazirudi nyumbani.

Lakini kuhusu kopo siwezi kukubali. Picha ninazo, ishirini na tatu, nyingine za shule. Katika zote Rieke amesimama au ameketi. Mtoto ukimwambia "tulia" anatulia. Nimesahau mwendo wake, Bi. Thalheim. Sauti bado ninayo kidogo, hasa akiita kutoka bafuni, ila mwendo umepotea. Nakaa kituo cha tramu natazama watoto wa watu wanavyotembea na kila mmoja nasema siye. Mimi nina miaka sitini na mbili. Nataka kumwona anatembea, hata katika ukungu, hata hatua tatu.

Mei ile hospitali ilimruhusu siku kumi na nne. Eckart aliazima kamera ya chuo, ile kubwa, tukaenda kwenye bustani za Werder, micheri ikiwa imechanua. Rieke alikuwa na kofia ya bluu kwa sababu nywele zilikuwa zimenyonyoka. Alikimbia kutoka kwenye geti la bustani hadi mwisho wa miti, akarudi, akakimbia tena. Tulimkataza, hakusikia. Ndiyo iliyomo.

Mume wangu hakutaka kuisafisha. Hii sijamwambia mtu. Kila Mei niliuliza, naye kila Mei alijibu, "Mwakani, Rosi." Wewe ulimjua darasani. Nyumbani alikuwa mtu aliyenyang'anywa kamera. Baba yake alijenga majiko ya vigae kule Görlitz, na Eckart alisema mwanga alijifunza kwenye mlango wa jiko. Akapiga filamu kumi na moja. Ya kumi na moja wakubwa wa serikali waliifungia kabatini mwaka 1965, wakampeleka akafundishe. Walipoitoa miaka mitatu iliyopita na kuionyesha, watu walisimama kumpigia makofi, naye akaninong'oneza kwamba yule mke wa mhunzi kwenye filamu hayuko sawasawa, lenzi ilimkosa kwa sentimita mbili. Ndivyo alivyokuwa. Kwa hiyo nilidhani ameamua kumtunza mtoto kama anavyotunza kazi, gizani, mahali ambapo haharibiki.

Mwaka 1981 nilichoka. Nilimwambia, "Maisha yako yote umepiga picha za vifo vya watu wanaoigiza. Wa kwako huna hata chozi." Alichukua kisu akaenda kumenya viazi. Nami usiku huo nikahamia chumba cha Rieke, na nimelala humo mpaka Januari.

Kwenye kopo ameandika kwa penseli: "Rieke na mimi." Hilo nalo silielewi. Werder yeye alikuwa nyuma ya kamera siku nzima. Hayumo katika picha yoyote ya nyumba hii, hajawahi kuwamo.

Nami nikuulize, kwa kuwa tunasema ukweli. Kwa nini hukuwahi kurudi kumsalimia? Wengine walikuja hata kwa keki. Wewe alikutaja kuliko wote, na miaka kumi na saba hukuleta hata kadi.

Roswitha Wolbring


(Kadi ya posta, picha ya bandari ya Hamburg)

23 Machi

Bi. Wolbring, tafadhali nijibu upesi. Kopo limezungushiwa mkanda wa gundi. Ni mwekundu au mweupe? Usilifungue wala usibandue kitu.
G. Th.


Babelsberg, 26 Machi 1993

Mweupe. Umekuwa wa manjano pembeni, lakini ni mweupe. Kwa nini?

R. W.


Hamburg, 4 Aprili 1993

Mpendwa Bi. Wolbring,

Barua hii nimeiandika mara nne, na hii ya nne nitaituma hata ikiwa mbaya.

Katika kazi yetu filamu mbichi, ambayo haijapigwa, hufungwa kwa mkanda mweupe. Iliyopigwa hufungwa kwa mwekundu. Ni jambo la kwanza mwanafunzi anafundishwa, kabla ya lenzi, kabla ya taa, kwa sababu makopo yanafanana na huwezi kufungua kuchungulia. Ukifungua, mwanga unaingia na yote yamekwisha. Unachoweza kuamini ni mkanda tu.

Jumatatu baada ya Werder, Mwalimu alinikabidhi kasha la kamera nitoe filamu iliyomo. Nilikuwa zamu ya stoo. Niliingiza mikono kwenye mfuko mweusi usiopitisha mwanga, nikaitoa, nikaitia koponi. Mkanda mwekundu ulikuwa umekwisha. Nikafunga kwa mweupe, nikasema moyoni kwamba nitaandika juu yake kwa wino. Nikaitwa nikasaidie kubeba reli za kamera. Niliporudi nilikuwa nimesahau, na kopo lilikuwa rafuni pamoja na mbichi.

Jumatano tulikuwa na jaribio la lenzi kwa mwaka wa kwanza. Nikachukua kopo rafuni, nikaipakia filamu. Unajua jaribio lenyewe, pengine alishakusimulia: mtu anasimama mbele ya kamera na kadi ya kijivu kifuani, anaonyesha kwa vidole namba ya lenzi, ya kwanza, ya pili, hadi ya saba. Alisimama Mwalimu mwenyewe, maana alisema sisi hatuwezi kusimama bila kujikuna. Ilikwenda filamu yote, mita mia na ishirini, nikaifunga tena kwa mweupe, maana mwekundu ulikuwa bado haujaletwa. Mchana nilipohesabu makopo nikakuta la Werder halipo. Yaani lipo, ila ni hilo tulilopiga asubuhi. Tulimpiga yeye juu ya Rieke.

Nilimwambia saa ileile. Aliketi juu ya sanduku la taa. Halafu akasema, "Mtoto bado yupo, Thalheim. Agosti tutapiga nyingine."

Julai ukaja msiba. Siku ya maziko nilimfuata kwenye lango la makaburi, nikamwambia nataka kukueleza mimi mwenyewe. Alisema, "Ukimwambia leo, utapata nafuu wewe. Yeye hatapata. Kwa sasa anaamini mtoto yumo koponi. Mwachie." Kisha akasema, "Akiuliza, mimi ndiye sitaki kuisafisha." Hakuniomba ahadi. Nilinyamaza mwenyewe.

Uliuliza kwa nini sikurudi. Siku ya mahafali yangu, 1976, nilikunyooshea mkono pale ukumbini na wewe hukuupokea. Nikasema basi, ameshaambiwa, anajua, na ana haki. Kuanzia hapo sikuwa na uso wa kuja kwenu. Barua yako ya kwanza ndiyo iliyonifundisha kwamba hukuwa unajua. Na bado nilikujibu habari za ukungu. Nilikudanganya. Ukungu upo, lakini sicho nilichokuwa naogopa.

"Rieke na mimi" maana yake ni hiyo.

Sikuombi kitu.

Gundula Thalheim


Hamburg, 25 Aprili 1993

Bi. Wolbring,

Wiki tatu hujajibu, na sikulaumu. Ila maabara inafungwa Ijumaa. Kama unataka lipelekwe, Alhamisi kuanzia saa nne asubuhi nitakuwa kituo cha treni cha Babelsberg, nje, kwenye benchi. Nitangoja mpaka saa nane. Usipokuja nitaelewa.

G. Thalheim


Babelsberg, 2 Mei 1993

Gundula,

Nakuita kwa jina lako. Huku kwetu mkubwa ndiye huanza, na nimeanza, lakini usidhani ni msamaha. Tumebeba kitu kimoja miaka kumi na tisa, wewe upande wako na mimi wangu, na kuendelea kuitana Bi na Bi naona ni kujifanya.

Nilikuona Alhamisi. Nilisimama upande wa pili, karibu na duka la viatu. Una mvi. Ulikuwa na koti la kijani na kipima mwanga kimening'inia shingoni, sijui kama ulijua umekivaa. Saa saba hivi ulikula mkate kutoka kwenye karatasi, ukaikunja ndogo ndogo kama alivyokuwa akikunja Eckart. Nilitaka kuvuka. Sikuvuka. Nilikaa mpaka ulipoondoka, kwa hiyo siku ile tulingojana wote wawili.

Mahafali yako nayakumbuka kidogo. Nilikuwa nimebeba sinia la keki mikono yote miwili. Nilidhani umeona.

Kosa la mkanda ningelisamehe siku ileile, Gundula. Ningefoka, halafu ningekupa kahawa. Mtoto wangu hukumchukua wewe. Alichukuliwa na ugonjwa wa damu yake mwenyewe. Mlichonichukulia ni mume wangu. Alikuwa jikoni kwangu, anamenya viazi, na nimemwona mtu baridi kwa miaka ambayo hairudi. Angeniambia tu, "Rosi, imeharibika," tungelia siku tatu, kisha ningerudi kitandani kwangu. Yeye aliona ananitunza. Wewe uliona unamtii. Mimi nilikaa kati yenu kama mtu asiyeulizwa.

Hayo nimeyasema. Sitayarudia.

Barua yako ya Aprili niliiweka chini ya redio, nikaipita kwa wiki tatu. Jumatatu, kabla ya siku ile ya benchi, nilitia kopo kwenye mfuko wa sokoni, katikati ya sweta mbili, nikapanda treni peke yangu. Maabara nusu ilikuwa tupu, wanabeba meza. Kulikuwa na Bwana Nauke, mzee mwenye koti jeupe. Nilimweleza yote, na mkanda mweupe pia. Alisema, "Mama, hiyo sisi tumeifanya wote. Tofauti ni filamu ya nani." Akaniambia nirudi Jumatano.

Jumatano aliniketisha mbele ya ile meza ya kutazamia filamu, yenye kioo kidogo. Kabla hajawasha alinishika bega. Akasema, "Kuna watu wawili humu, na mmoja amesimama kichwa chini." Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba filamu ikishapita kwenye kamera, mwisho wake unakuwa nje na mwanzo ndani. Ulipoipakia tena ulianzia mwisho. Kwa hiyo wa pili amesimama sawa, na wa kwanza amepinduka, tena anakwenda kinyumenyume. Nadhani wewe ulilijua hilo ukaona vibaya kuliandika.

Rangi zimekwenda, ni kama chai iliyomwagika. Lakini wamo.

Kwanza alinigeuzia mtoto. Nimemwona, Gundula. Kofia inaonekana nyeupe. Anatanguliza kisigino, na mguu wa kushoto anauburuta kidogo, kama anayejaribu maji kama ni ya baridi. Nikasema kwa sauti, "Ndiyo, ndivyo," na Bwana Nauke akatazama pembeni. Alinionyesha mara tatu bila kuombwa. Eckart alikuwa ananing'inia juu kichwa chini, miguu kwenye matawi, nami sikumtazama.

Kisha akageuza ili na mimi nimwone baba. Na hapo alinisimamia Eckart mwenye miaka arobaini na tatu, amevaa lile sweta nililomfumia, kadi ya kijivu kifuani. Anaonyesha kidole kimoja. Anaonyesha viwili. Hajui. Bado ni asubuhi, hujahesabu makopo, anadhani filamu ya mtoto iko salama rafuni. Ana uso wa mtu anayekwenda nyumbani jioni kula. Uso huo mimi nimekaa nao chini ya dari moja na sikuuona tena baada ya wiki ile, nikadhani ameninunia mimi. Rieke alikuwa anampita kifuani, kichwa chini, anarudi kinyumenyume kutoka mwisho wa miti kuja getini.

Bwana Nauke alisema wana muda wa kuchapa nakala moja tu, Ijumaa dawa inamwagwa na mashine zinaondoka. Akauliza nakala ianzie upande upi, yaani nani asimame sawa. Aliuliza kwa upole, akaongeza kwamba akina mama wengi wangesema mtoto, na kwamba yeye amekwisha andaa hivyo.

Nilifikiri. Mwendo wake nimeupata, ninao, na tangu Jumatano nimeujaribu ukumbini nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe na ni wenyewe. Mtoto nimemlilia miaka kumi na tisa, kila mahali, mpaka dirishani posta na watu wamepanga foleni. Eckart sijamlilia. Hata makaburini nilikuwa na hasira, nilimzika na hasira yangu na nikarudi nyumbani kuosha vikombe.

Nikamwambia Bwana Nauke, "Msimamishe baba."

Roswitha